Matofali ya Mwezi wa Saba

Ukifika Mahemani leo, ukakaribishwa ndani, angalia kuta kabla hujakaa. Hutaona msumari hata mmoja. Kalenda zinaning'inia kwa uzi kutoka kwenye kenchi za paa, picha za harusi zimeegemezwa juu ya kabati, na vitanda vimevutwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, hata pale ambapo mtu hana nafasi ya kupita. Ukiuliza sababu, mwenyeji atakuambia tofali za huku ni ngumu mno, zinapinda misumari. Ni uongo, na anayekuambia anajua kuwa unajua ni uongo. Watu wa Mahemani hawapigilii misumari kwa sababu wanaogopa kumuumiza mtu.

Matofali hayo ya nyumba hamsini na kitu yalitoka mikononi mwa mwanamke mmoja, au niseme sawasawa, yalitoka miguuni mwake. Jina lake Faustina. Kama unatafuta mama mwenye maneno matamu, si huyu. Ana sauti nzito, ana ulimi mkali, na akikasirika hunyamaza, jambo ambalo kwa mtu mwenye ulimi mkali ndilo la kuogopwa zaidi.

Alizaliwa vijijini Iringa, Mhehe, mtoto wa fundi tofali, na aliujua udongo kabla hajajua kusoma. Baba yake aliwatumia mabinti kukanyaga tope shimoni, kwa sababu, alisema, mguu wa binti ni mwepesi, unasikia. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: unachimba, unamwaga maji, unakanyaga mpaka tope liwe kama ugali wa mgonjwa, na wakati unakanyaga nyayo zako zinatafuta. Kokoto, mzizi, kigae cha chungu. Kitu chochote kigeni kikibaki ndani ya tofali, motoni kitapasua. Faustina alikuwa akikanyaga huku anaongea na huku anacheka, kisha ghafla anainama, anatumbukiza mkono, anatoa jiwe dogo kuliko punje ya hindi.

Alipokuwa msichana alikwenda Mgololo kupika chakula cha wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na huko ndiko alikokutana na Kasian, Mbena, mpakia magogo, mwanamume mfupi, mbishi, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia. Wakaoana. Miaka michache baadaye waliambiwa kwamba Mbeya kuna mashamba ya viazi yanayolilia watu, wakafunga virago. Ndivyo walivyofika Ilembwa, kitongoji cha Wasafwa kilicholala chini ya mlima, mwendo wa saa mbili kwa miguu juu ya Mbalizi. Walipokelewa kwa utani. Mbwa akipotea, wenyeji waligeuza nyuso zao kuelekea kwa mama wa Iringa, maana Wahehe hutaniwa kwamba wanakula mbwa, na mama wa Iringa aliwajibu kwamba amekwisha muunga nazi. Wakakaa miaka ishirini na miwili. Wakajaliwa binti mmoja, Goodness, ambaye aliolewa Ipogolo, kule kule Iringa alikotoka mama yake.

Mwaka ule, mwezi wa nne, Goodness alijifungua, na Faustina akapanda basi kwenda kumkanda mzazi. Aliaga wiki mbili. Siku ya tisa, asubuhi, alikuwa akikoroga uji simu ya mkwe wake ilipolia. Ilembwa mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumua, na alfajiri ile mlima ulikuwa umeachia.

Faustina akampigia Kasian. Simu iliita. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Haikusema kwamba mtu hapatikani. Iliita mpaka mwisho, akapiga tena ikaita, akapiga mara ya tatu ikaita. Mara ya nne ndipo iliponyamaza.

Alifika kesho yake akakuta Ilembwa haipo. Mlima ulikuwa na kidonda chekundu kutoka begani mpaka mguuni, na pale palipokuwa na nyumba kumi na tisa palikuwa na uwanja wa tope, umetulia, umesawazika, unang'aa kwa maji. Nguzo moja ya umeme ilichomoza kichwa chake tu. Alisema baadaye kwamba uharibifu haukumtisha, maana hakuuona. Kilichomtisha ni usafi. Palikuwa pasafi mno, kana kwamba hapakuwahi kuishi mtu.

Katapila lilichimba siku sita. Watu kumi na mmoja walipatikana, na sitaki kueleza walipatikanaje. Inatosha niseme kwamba mlima haukumrudisha mtu akiwa kamili, na baadhi ya majeneza yalikuwa mepesi kuliko yalivyostahili. Wanne hawakupatikana kabisa. Siku ya saba wakubwa wa wilaya walitangaza kwamba utafutaji umekwisha, wakazungusha utepe mwekundu, wakasimika kibao: ni marufuku kuchimba. Walionusurika, pamoja na kaya nyingine za chini ya mlima, walihamishiwa kwenye uwanda ulio mbele kidogo, wakapewa mahema na viwanja. Kwenye karatasi pakaitwa Makazi Mapya, lakini watu walipaita Mahemani.

Sasa wazee walikuwa na njia yao ya kumzika mtu asiyeonekana. Hukatwa shina la mgomba kwa urefu wa marehemu, likavishwa nguo zake au likafungwa blanketi lake, likalazwa kaburini kwa heshima zote, na watu wakalia. Familia tatu zilikubali, zikazika, zikamaliza matanga, zikaanza kujenga. Walipofika kwa Faustina, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wazee wangu, nawaheshimu," alisema. "Lakini mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na mgomba."

Watu walichukia. Mila ya pale ni kwamba mwanamke ambaye mumewe hajazikwa si mke na si mjane. Halii msiba, hanyoi, na hawezi kulala ndani ya nyumba mpya, kwa kuwa nyumba hufunguliwa na mwenyewe akiwa hai, au na matanga yake akiwa amekufa. Faustina, mgeni asiye wa kabila lao, aliikataa nusu moja ya mila hiyo akaishika ile nyingine kwa meno. Akabaki hemani peke yake.

Kisha akaenda kwa Asukile, mwenyekiti wa kitongoji, akaomba jambo dogo. Watu wanahitaji tofali. Kuzipandisha kutoka Mbalizi ni gharama. Tope la mlima limekwisha kauka, na pembeni mwake, upande wa chini, kuna udongo mzuri. Apewe ruhusa achimbe pale pembeni tu, awafyatulie watu.

"Udongo tu, Mama Goodness?" aliuliza Asukile.

"Udongo tu, Mwenyekiti."

Shimo la tofali kwa kawaida huwa la duara. Fundi huchimba akijizungusha, hapa pakiisha anahamia pale, mpaka panakuwa bwawa la vyura. Shimo la Faustina halikuwa la duara. Lilikuwa refu, jembamba, limenyooka kama mfereji, na lilielekea juu. Alikuwa akisimama kila asubuhi na kuitazama ile nguzo ya umeme, anahesabu hatua kwa midomo, kisha ndipo anapoinua jembe. Nguzo ile ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba yake.

Alikuwa anamtafuta mume wake. Alikuwa anachimba kuelekea nyumbani kwake, jembe kwa jembe, na kila alichokichimba alikikanyaga kwa miguu mitupu, akasikiliza kwa nyayo, akakifyatua, akakichoma, akakitoa kikajenge nyumba za watu. Hivyo Mahemani ilipanda kadiri mfereji ulivyorefuka.

Vitu vilitoka. Kijiko, kitana, betri ya redio, ndala ya mtoto, rozari. Faustina aliviosha na kuviweka ndani ya ndoo mlangoni mwa hema lake, na watu walipita, wakainama, wakaangalia, wakachukua cha kwao bila kusema kitu. Wengine waliangalia ndoo hiyo kila siku kwa miezi. Vya Kasian havikutoka.

Mwaka uliofuata, baada ya masika, Juliana alikuja hemani. Huyu alikuwa jirani yake tangu Ilembwa, mwanamke mpole, na mama mkwe wake alikuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa amebeba nusu ya tofali ndani ya kitenge, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Mama Goodness, hili limepasuka ukutani kwangu," alisema. "Angalia ndani."

Ndani ya tofali, katikati ya wekundu, kulikuwa na kifungo cha sweta, na uzi wake ungali umepita kwenye matundu. Moto wa tanuru haukuuunguza uzi ule. Faustina, mtu wa tofali tangu utoto, hakuwahi kuona uzi ukitoka tanuruni.

"Cha mama mkwe wako?"

"Sijui. Sweta lake lilikuwa la vifungo. Masweta yote ni ya vifungo." Juliana alilifunika tofali kwa kitenge. "Ndani ya ukuta wangu kuna nini, dada?"

"Kimenipita," alisema Faustina. "Siku ile miguu ilikuwa na ganzi. Kimoja kimenipita."

"Unamtafuta baba Goodness."

"Nani kakuambia?"

"Nani asiyejua? Kila mtu anajua. Shimo gani la tofali linapanda mlima?"

Kwa mara ya kwanza Faustina alifikiri kile ambacho hakutaka kukifikiri: kwamba kama kifungo kilimpita, mtu pia anaweza kumpita. Kwamba huenda Kasian amekwisha chimbuliwa, amekwisha kanyagwa, amekwisha chomwa, na sasa amesimama mahali fulani ndani ya nyumba ya mtu, anabeba bati. Hofu hiyo haikumwachia tena. Habari za kifungo zilienea, na ndipo watu walipoanza kung'oa misumari. Waliing'oa polepole, na matundu wakayaziba kwa udongo wa majivu.

Usidhani kwamba waliacha kununua tofali. Mtu atalala wapi? Walinunua, wakajenga, wakahamisha vitanda katikati ya chumba. Jua likizama kuta zilivuta moto wa mchana na kukaa vuguvugu, na kina mama waliokaa jikoni walijikuta wanashusha sauti, wanasengenya kwa kunong'ona, kwa namna ile tunayoongea mbele ya mtu aliyelala. Hakuna aliyewafundisha.

Mwezi wa tano bwana miti, afisa wa misitu wa wilaya, alikuja na Asukile wakasimama ukingoni mwa mfereji. Mvua za kwanza zikikaribia, alisema bwana miti, mwezi wa kumi na moja, eneo lote litapandwa miti ili mlima ushikwe. Trekta litafukia shimo hili. Baada ya hapo hakuna jembe litakaloingia tena.

"Mama, umeshatusaidia vya kutosha," alisema kwa adabu. "Nyumba zimekwisha."

Zilikuwa zimebaki hatua tisini mpaka kwenye nguzo. Faustina alizijua zote. Toka siku ile alichimba bila kupumzika, na baridi ya mwezi wa sita ikamkuta ndani ya tope. Nyie mnaoijua baridi ya Mbeya hamhitaji kuelezwa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka kwenye kile kidonda, ukajaza mfereji, na watu waliokwenda kisimani walimsikia anakanyaga bila kumwona, chwa, chwa, chwa, ndani ya weupe. Juliana aliapa kwamba siku moja alisikia miguu ya watu wawili. Mwishoni mwa mwezi huo Faustina alianguka pale pale. Walimkuta anapumua kama mtu anayepasua kuni, wakampeleka hospitali Mbalizi, na daktari akasema mapafu.

Alilala wiki tatu na nusu. Aliporudi, mwisho wa mwezi wa saba, wanawake walimpokea barabarani kwa vigelegele, wakamshika mikono huku na huku, wakampeleka kwenye kiwanja chake ambacho kilikuwa kimekaa na majani mwaka mzima. Palikuwa na nyumba. Vyumba viwili, bati jipya, mlango wa mninga, haijapigwa lipu, tofali zake nyekundu zimepangwa kwa upendo.

"Tumefanya msaragambo," alisema Asukile, uso wake unang'aa. "Tumechimba wenyewe, tumefyatua wenyewe, tumechoma wenyewe. Umetujengea wote, Mama Goodness. Nasi tumekujengea. Hata kama huingii leo, utaingia siku yako."

Faustina alilia kwa shukrani, na shukrani hiyo ilikuwa ya kweli. Kisha akaangalia mfereji. Ulikuwa umesogea mbele hatua thelathini.

"Nani alikanyaga udongo?" aliuliza.

"Ng'ombe wa Mzee Yotamu. Wawili wale, wamefanya kazi kuliko watu!"

Watu walicheka. Faustina akahisi baridi inampanda kutoka kwenye vidole vya miguu. Ng'ombe ana kwato. Kwato hazisikii kitu.

Alishukuru mtu mmoja mmoja, akaweka majembe na vibao vyake vya kufyatulia ndani ya nyumba ile, kisha akarudi hemani kulala. Kesho yake alikuwa shimoni. Alijiambia kwamba Kasian yuko mbele, ndani ya nyumba yao, mahali mtu anapokuwa alfajiri mvua ikinyesha. Alijiambia hivyo mwezi wa nane na mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili trekta lije, jembe lake likagonga ubao.

Ulikuwa mlango wake. Alikitoa kila kitu kwa mikono, siku nne, na Juliana alikuja kumsaidia kubeba ndoo. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake. Kitanda kilikuwa mahali pake, kimejaa tope, blanketi limefunuliwa upande mmoja, upande wa Kasian. Koti lake lilikuwa limening'inia. Simu ilikuwa chini ya mto, na Faustina aliifuta kwa kanga, akaishika kwa muda mrefu. Chini ya kitanda, pale palipokaa mabuti yake ya mvua, hapakuwa na kitu. Mlango haukuvunjwa na mlima. Komeo lilikuwa limeondolewa kwa mkono na kuegemezwa vizuri pembeni, kama mtu anayefikiri atarudi punde.

Alikuwa ametoka. Aliusikia mlima unaunguruma, akavaa mabuti, akatoka, labda kuwafungulia mbuzi. Na mtu aliyetoka mlangoni alfajiri ile alibebwa kuelekea chini.

"Juliana, chini yote nimekanyaga mimi," alisema Faustina, naye alikuwa amekaa juu ya tope la kitanda chake. "Kila bonge. Tangu ukingoni mpaka hapa. Kasoro hatua thelathini."

Juliana alielewa, akaziba mdomo.

Jua lilikuwa bado juu Faustina alipofika kwa Mzee Yotamu. Alimkuta nje ya zizi, anawapa ng'ombe chumvi. Alikuwa mzee wa kuheshimika, wa kwanza kushika jembe kwenye kila msiba, na alipomwona mwanamke huyu amejaa tope mpaka nywele alikiweka chini kibuyu cha chumvi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Sikai. Nina swali moja. Mwezi wa saba, ulipokuwa unakanyagisha udongo, uliona nini?"

Mzee hakumtazama. Alimtazama ng'ombe.

"Siku ya tatu walikataa," alisema. "Ukungu ulikuwa mzito, hata pembe zao sizioni. Walifika katikati ya shimo wakasimama, wote wawili, wanahema. Tangu niwanunue hawa sijawapiga. Siku hiyo niliwapiga mpaka fimbo ikakatika. Wamesimama tu. Nikashuka mwenyewe kuangalia. Nikaona buti."

"Buti gani?"

"La mvua, jeusi. Mguu wa kushoto. Lina kiraka cha tairi kisiginoni."

Faustina alikuwepo Kasian alipokipiga kiraka kile. Alikuwa amemshikia taa.

"Lilikuwa tupu?"

"Nililiinua. Vilivyokuwa ndani vikamwagika. Vidogo vidogo, mwanangu. Nikapapasa kwenye tope, sikuvishika. Na pale nilipopapasa nikajua kwamba kuna vingine."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Ningesema, kazi ingesimama, wangekuja polisi, wangefunga shimo. Na wewe uko hospitali, hatujui utatoka au utatolewa. Nikasema moyoni mwangu, huyu mama tumjengee kwanza, akirudi apate pa kulaza ubavu. Nikadhani nafanya jema." Alikiokota kibuyu cha chumvi, akakirudisha chini. "Nikawapiga tena. Safari hiyo wakaenda."

"Na buti?"

"Nililisukumia tanuruni."

Faustina alinyamaza. Nimekwisha kusema kwamba akikasirika hunyamaza, na hasira aliyokuwa nayo pale zizini ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliogopa mikono yake mwenyewe. Miezi kumi na minane ya tope. Nyayo zilizopasuka, mapafu yaliyooza. Na mzee huyu mwema, kwa wema wake wote, alikuwa amemshika Kasian mkononi na kumwacha adondoke.

"Matofali ya udongo ule," aliuliza mwishowe, "yalikwenda kwa nani?"

"Kwako, mwanangu. Hakuna hata moja lililokwenda kwingine. Nilihakikisha mimi mwenyewe."

Aliondoka bila kuaga. Alipita kwa Asukile akamwambia waje wafukie shimo lao siku wanayotaka. Asukile akamuuliza kwa hofu kama amempata. "Nimempata," alijibu, na akaendelea na safari. Alipofika kiwanjani kwake alisimama mbele ya nyumba ile ambayo kwa miezi mitatu alikuwa akiingia na kutoka na majembe yake kama mtu anayeingia stoo. Sasa miguu ilikataa. Tusidanganyane, aliogopa. Mtu aliyemtafuta kwa kucha zake alikuwa mbele yake, amesimama pande zote nne, na hakujua amwangalie wapi. Alipovuka kizingiti nywele zilimsimama, na akahisi kwa hakika kabisa, na mpaka leo hataki kubishiwa, kwamba mtu fulani mle ndani alikuwa amechoka kusubiri na sasa amepumua.

Alitoa majembe nje. Akafagia. Akaleta mkeka wake kutoka hemani, akautandika karibu na ukuta, akaupa ukuta mgongo. Ulikuwa vuguvugu.

Hakuna aliyepiga mbiu. Lakini kulipokucha watu walikuwa wamejaa nje, wameleta unga na kuni na masufuria, wanawake wamejifunga kanga kichwani, na wote walikuwa wamekaa chini kuuelekea ukuta, namna watu wanavyokaa kulielekea jeneza. Faustina alitokea mlangoni, amevaa nguo za msiba alizozikunja chini ya sanduku siku zote zile.

"Karibuni ndani," alisema.

Hakuna aliyeinuka.

"Mnaogopa nini? Mmemjenga wenyewe."

Juliana akavua viatu, akaingia. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, miguu mitupu, wakakaa wamebanana sakafuni bila kuegemea popote. Mzee Yotamu alibaki nje. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na alifika mpaka kwenye kizingiti, akarudi, akafika tena, akarudi, na watu wote walimwona na wote walikuwa wamekwisha kujua. Faustina alimwangalia kwa muda ambao hakuna aliyethubutu kukohoa. Kisha akatoka, akamshika mkono, akamwingiza, akamkalisha mahali alipokuwa amelala yeye.

"Msalimie," akamwambia.

Mzee Yotamu, Msafwa ambaye kwa miaka ishirini na miwili alicheka kila aliposikia Wabena na Wahehe wanasalimiana kwa lugha yao, akageuka, akaweka kiganja juu ya tofali, akasema, "Kamwene, Kasian."

Ndipo Faustina alipoanza kulia, na wanawake wakampokea.